Ruhusa Inayotosha

Ukurasa wa matokeo ya shule ukigoma kufunguka, anayeutazama huambulia nambari tu. Akiona 500, anaambiwa kwamba kuna jambo limeharibika ndani ya seva. Akiona 403, anaambiwa amekatazwa, bila kutajiwa aliyemkataza wala sababu. Nambari hizo ni fupi makusudi, kwa kuwa mtu wa nje hana haja ya kuelezwa mambo ya ndani ya mtambo wa wenyewe. Maelezo kamili huandikwa kwenye faili ya kumbukumbu za makosa, ambayo kwenye mfumo wa Ubuntu wenye programu ya seva ya Apache iko /var/log/apache2/error.log. Fundi wa seva aliyeiva utamjua hapo: hagusi kitu kabla ya kuisoma faili hiyo.

Ninayetaka kumsifu anafanya kazi Lugulu, upande wa Webuye, kaunti ya Bungoma. Wengi wanaijua Lugulu kwa shule ya wasichana na hospitali ya misheni, zote zikiwa na mizizi katika kanisa la Friends. Dada huyu ana duka dogo la kuchapisha na kutengeneza kompyuta. Wanafunzi humletea kazi za kupiga chapa, wazee humletea shida zao za KRA na eCitizen. Lakini shule za Bungoma na Trans Nzoia zenye seva zao za ndani, yaani kompyuta za mezani zilizozeeka zikawekewa Ubuntu na kuwekwa kwenye maabara, humwita mambo yakikwama. Hapendi kutangazwa, kwa hiyo jina lake silitaji. Nimeketi kando yake akiifanya kazi hiyo, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi za mikono safi kabisa zinazofanyika katika eneo letu.

Kisa kimoja kitatosha. Shule moja ya bweni ilipoteza seva yake baada ya stima kupotea na kurudi kwa nguvu. Kompyuta nyingine ikapatikana, ikawekewa Ubuntu ya karibuni, na mwalimu wa kompyuta akarudisha kazi yake kutoka kwenye flashi: skripti aliyoiandika kwa Python, inayopokea darasa na muhula kisha kutoa ripoti za wanafunzi zikiwa tayari kuchapishwa. Akaiweka ndani ya folda yake mwenyewe, /home/mwalimu, kama ilivyokuwa kwenye mashine ya zamani. Ukurasa ukaleta 403. Lililomtatiza zaidi ni kwamba akiiendesha kwa mkono, python3 ripoti.py, ilifanya kazi bila kusita.

“Dada, kwangu inakubali,” alisema. “Nimeipa hata 777 na bado seva inaikataa.”

Dada aliyaandika maneno hayo kwenye daftari kama yalivyotamkwa. Baadaye nilielewa kwa nini. Kisa chote kilikuwa humo.

“Kwangu inakubali” maana yake ni kwamba skripti ilikubali ilipoendeshwa na mwalimu. Seva haijitambulishi kwa jina la mwalimu. Kwenye Ubuntu na Debian, Apache hufanya kazi kwa jina la www-data. Kwenye Red Hat na ndugu zake, kwa jina la apache. Huyo ni mtumiaji kamili, mwenye nambari yake kwenye mfumo, na mali yake ni chache sana kwa makusudi, ili mtu mbaya akifanikiwa kuidanganya seva asipate cha kushika. Tena mwalimu alipoandika python3 mbele ya jina la faili, iliyoendeshwa ni Python yenyewe, nayo ikaisoma faili kama maandishi tu. Kwa njia hiyo faili huhitaji ruhusa ya kusomwa, basi. Seva inapoiita skripti moja kwa moja, faili huhitaji pia ruhusa ya kuendeshwa, na mstari wake wa kwanza, ule unaoanza kwa alama #!, lazima umtaje mkalimani kwa njia sahihi. Kwa hiyo jaribio la mwalimu lilikuwa halijajaribu hata kimoja kati ya vile ambavyo seva ingevihitaji. Wengine hukosea zaidi: hujaribu kwa jina la root, ambaye mfumo karibu haumzuii kwa lolote, kisha hushangaa.

Dada hujaribu kwa jina la yule yule atakayeifanya kazi. Huandika sudo -u www-data, halafu njia kamili ya skripti, na skripti ikikataa hapo, imekataa kwa sababu zile zile ambazo seva inakutana nazo. Ni amri fupi. Mimi huiona kuwa nusu ya ufundi wote.

Kisha hiyo 777. Ruhusa za Unix ni za zamani kuliko wengi wanaozitumia. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliuanza mfumo huo mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, na amri ya chmod imo kwenye kitabu cha kwanza cha mwongozo, cha mwaka 1971. Kila faili ina mwenyewe, ina kundi, na kuna watu wengine wote waliobaki. Kila mmoja wa hao watatu ana alama tatu: kusoma, kuandika, kuendesha. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, kuendesha 1. Ukitoa zote ni 7. Hivyo 777 ni kumpa kila mtu kila kitu, pamoja na uwezo wa kuyafuta maandishi ya skripti ya ripoti na kuandika mengine mahali pake, yatakayoendeshwa na seva bila swali.

Jambo ambalo wachache hulijua ni namna mfumo unavyozisoma alama hizo. Haujumlishi. Unauliza kwanza kama wewe ndiye mwenye faili. Ukiwa ndiye, unatazama alama za mwenyewe tu na kukata shauri. Usipokuwa mwenyewe, unauliza kama umo kwenye kundi. Ukiwamo, alama za kundi ndizo hukumu. Usipokuwamo, ndipo unapewa fungu la watu wengine. Kwa hiyo mtu anaweza kuingizwa kwenye kundi na kwa kuingizwa huko akapoteza ruhusa aliyokuwa nayo akiwa mtu wa nje. Nilimwona dada akimchorea mwalimu jambo hili pole pole, huku saa za kazi zikikwisha, na hakuonyesha dalili ya kukimbia.

Alianza kwa kuiondoa 777 na kuirudisha faili kwenye 644, jinsi ilivyotoka kwenye flashi. Mwalimu aliona kama ni kurudi nyuma. Dada alitaka seva iseme ukweli wake bila kufunikwa na kiraka.

Kumbukumbu ya makosa ikasema hivi, kwa Kiingereza chake kigumu: ruhusa imekataliwa, kwa kuwa ruhusa ya kupita haipo kwenye sehemu moja ya njia. Apache 2.4 imefanya wema kuliandika hilo wazi. Inakueleza kwamba haijafika hata kwenye faili. Dada akaandika namei -l na njia nzima, na mfumo ukamwaga kila hatua kwenye mstari wake: mzizi, home, mwalimu, folda ya matokeo, na mwisho ripoti.py. Akapitisha kidole kwenye kioo, mstari mmoja mmoja, akisoma kwa sauti ya chini. Mzizi: drwxr-xr-x, sawa. Home: drwxr-xr-x, sawa. Mwalimu: drwxr-x---. Kidole kikasimama juu ya vile vistari vitatu vya mwisho.

Kwenye folda, alama ya x ni ruhusa ya kupita. Mgeni anaweza kuwa na ufunguo wa chumba cha ndani kabisa, lakini lango la boma likifungwa hatakifikia hicho chumba, na ufunguo wake haumsaidii kitu. Ndivyo ilivyokuwa 777 ya mwalimu: ilikifungua chumba, na lango likabaki limefungwa. Lilifungwa na nani? Ubuntu yenyewe. Tangu toleo la 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya huundwa kwa 750, ilhali zamani ilikuwa 755. Mashine ya zamani ya shule ilikuwa ya kabla ya badiliko hilo. Skripti haikubadilika, dunia iliyoizunguka ndiyo iliyobadilika, na kwa haki kabisa, kwa kuwa nyumba ya mtu si mahali pa wageni kupita.

“Basi tuirudishe 755,” mwalimu akasema.

“Mwalimu, mitihani ambayo haijafanywa umeiweka wapi?”

Mwalimu akanyamaza. Ilikuwa ndani ya folda hiyo hiyo.

Dada angeweza kumpa www-data ruhusa ya kupita tu, kwa setfacl, na ingefaa. Folda yenye x bila r humruhusu anayejua jina la faili kuifikia, bila kumwonyesha orodha ya vilivyomo. Lakini hakupenda seva kupita nyumbani kwa mtu. Aliihamisha kazi yote kwenda /srv/matokeo, mahali palipotengwa kwa vitu vinavyohudumiwa na seva, akaunda kundi lililoitwa matokeo, akawatia humo mwalimu na www-data. Skripti zikabaki mali ya mwalimu, kundi likiwa matokeo, na lengo likiwa 750. Tafsiri yake: mwalimu anaweza kuibadilisha skripti, seva inaweza kuisoma na kuiendesha lakini haiwezi kuibadilisha hata herufi moja, mwingine yeyote haioni. Aliiwasha Apache upya, akaeleza kwa nini. Mchakato huchukua makundi yake unapoanza, na ukiongezwa kundi katikati ya safari haujui habari hizo. Wangapi wametoa ruhusa sahihi kabisa, wakaona haifanyi kazi, wakaitupa na kurudi kwenye 777, kwa sababu tu hawakuiwasha seva upya?

403 ikaondoka, ikaja 500. Mwalimu akashusha pumzi ya kukata tamaa. Dada alifurahi waziwazi, kwa kuwa kosa jipya ni ushahidi kwamba la zamani limekwisha. Alikuwa ameandika 750 kwenye folda lakini faili ya ripoti akaiacha kwanza na 640, bila x, ili mwalimu aone mwenyewe kumbukumbu inavyosema: kosa 13, kuendesha kumeshindikana, ruhusa imekataliwa. Flashi nyingi huwa na mpangilio wa FAT, ambao hauna mahali pa kuhifadhi alama za Unix, kwa hiyo x ya zamani ilikuwa imepotea njiani. Akaipa. Akajaribu tena.

Sasa kumbukumbu ikasema: kosa 2, faili haipo.

Hapa ndipo wengi huanza kuitilia shaka akili yao, maana faili ipo, unaiona kwa macho. Yeye aliuangalia mstari wa kwanza kwa cat -A, amri inayoonyesha hata alama zisizoonekana, na mwishoni mwa #!/usr/bin/python3 pakatokea ^M kabla ya alama ya dola. Mwalimu alikuwa ameirekebisha skripti kwenye kompyuta ya Windows, na Windows humaliza mstari kwa alama mbili pale Unix inapotumia moja. Mfumo ulikuwa ukimtafuta mkalimani ambaye jina lake linaishia kwa herufi isiyoonekana. Kwa kweli huyo hayupo. Kosa lilionekana kuwa la ruhusa, nalo halikuwa la ruhusa hata kidogo. Bila kuzitofautisha 13 na 2, fundi angeshinda akibadilisha chmod hadi jioni. Dada aliziondoa zile ^M kwa sed, mara moja, ndani ya faili zote.

Skripti ikaendeka, ikakwama ilipotaka kuziandika ripoti. Folda ya kuandikia ilikuwa 750 kama nyingine. Hiyo peke yake akaipa 2770. Ile 2 ya mbele huifanya kila faili mpya irithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeiunda, ili mwalimu naye aweze kuzishika ripoti zilizoundwa na seva. Akaongeza mstari mmoja wa umask ndani ya skripti, ripoti zizaliwe bila ruhusa kwa watu wengine. Ukurasa ukafunguka.

Ningependa msomaji aitazame tena hali ya mwisho. Seva ina folda moja tu ya kuandikia, na skripti zimewekwa nje ya folda hiyo. Mtu akifaulu kuidanganya seva iandike kitu kibaya, kitaandikwa mahali ambapo Apache haikuelekezwa kuendesha chochote. Hayo hayakuombwa na mwalimu. Aliomba ukurasa ufunguke tu.

Kwenye seva za kukodi, ambako tovuti za watu mbalimbali hukaa kwenye mashine moja, mambo huwa na sura nyingine. Mwenye duka la pembejeo Kitale alimletea dada tovuti iliyokuwa ikitoa 500 kila fomu ya oda inapotumwa. Huko pia mtu alikuwa amekwisha kuipa skripti 777, na safari hii 777 yenyewe ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Seva ile ilitumia suEXEC, iliyokuja na Apache 1.2, ambayo huiendesha kila skripti kwa jina la mwenye tovuti. Kabla ya kukubali, suEXEC hupitia masharti yapatayo ishirini: je, skripti imo ndani ya eneo lililoruhusiwa? Je, mwenyewe na kundi ni wale waliotajwa? Je, kuna mtu mwingine anayeweza kuiandika, hiyo skripti au folda yake? Sharti moja likishindwa, inakataa na kuandika sababu kwenye kumbukumbu yake. Kwa 777, jibu la swali la mwisho ni ndiyo, na kazi imeishia hapo. Dada aliishusha ikawa 755 na oda zikapita. suEXEC yenyewe inategemea wazo la Ritchie la programu kuendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili, wazo alilopewa hataza Marekani mwaka 1979. Naona fahari kwamba wazo hilo bado linatumika kila siku, hata kwa oda ya mbolea Kitale.

Kuna seva nyingine ambazo alama zote ni sahihi na bado zinakataa. Kwenye jamii ya Red Hat, hapo ni pa kuangalia SELinux, kazi iliyotolewa kwa umma mwaka 2000 na shirika la usalama wa taifa la Marekani, NSA. Kila faili ina lebo, na lebo ya skripti ya seva ni tofauti na lebo ya faili za nyumbani. Ukiihamisha faili kwa mv, inakwenda na lebo yake ya zamani. Ukiinakili kwa cp, inapata lebo ya mahali papya. Amri ls -Z huionyesha, restorecon huirekebisha. Wanaokosa subira huizima SELinux yote, na mtambo hubaki hivyo miaka.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu ya vilivyomo kwenye seva hizi. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaojulikana ulimwenguni, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa afya wa AMPATH, ambao kliniki zake zimefika Webuye na Kitale. KenyaEMR, mfumo mwingine wa rekodi za wagonjwa, imejengwa juu yake, na huendeshwa na programu ya seva ya Tomcat kwenye mashine zilizo ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Huko nako Tomcat ina jina lake la mtumiaji, na folda za data zisipokuwa zake, mfumo haufunguki. Shuleni kuna alama za watoto, karo, na nambari za simu za wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde, na sheria hiyo, ikifika kwenye kompyuta iliyo pembeni ya maabara ya shule, haina mkono mwingine wa kuitekeleza isipokuwa wa yule anayeketi kuamua kama faili itakuwa 750 au 777.

Na ufundi huu hauonekani. Nyumba ikijengwa vizuri, mpita njia huisifu. Ruhusa zikipangwa vizuri, ukurasa unafunguka kama ambavyo ungefunguka kwa 777, na anayelipa haoni tofauti. Ndiyo maana mafundi wa haraka hawakosi wateja.

Wakuu wa shule na wasimamizi wa vituo vya afya, nawaomba hivi. Mkimwita fundi wa seva, mpeni muda wa kutosha, na msimkatize anaposoma kumbukumbu za makosa. Hapo ndipo anapofanya kazi. Akimaliza, mwombeni aandike kwenye daftari la ofisi kila alichobadilisha, nambari ya ruhusa iliyokuwapo na aliyoiweka, na sababu yake. Atakayekuja baada yake ataanzia hapo. Na ikiwa kwenye maandishi yake mtaikuta 777, mwiteni arudi aeleze.